Maharagwe ya Wananchi, Njugu za Wajumbe

Wenzangu mnaobaki na darasa la uraia, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa tangu nianze. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipandishwa mara mbili, na mara ya pili nilichoongezewa ni ufunguo wa stoo. Nitawaandikia jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililonichosha kuliko mengine yote, na najua litawachosha nanyi.

Maswali mengi ya mtihani wa uraia wa Marekani yana adabu. Unauliza bendera ina mistari mingapi, mtu anajibu, mnasonga mbele. Lakini haupiti mwaka kabla mwanafunzi hajainua mkono na kuuliza inakuwaje mtu apate kura nyingi kuliko mwenzake, nchi nzima, na bado asiwe rais. Hapo kipindi kizima kinakwenda na maji. Nimelieleza jambo hilo kwa Kiswahili cha kwetu Kenya, nikalieleza kwa Kiswahili cha Kongo nilichojifunza ukubwani, nikalieleza kwa mikono. Sijawahi kumwona mtu akitoka ameridhika. Hata mimi mwelezaji sikuridhika, lakini mwalimu akianza kulalamika mbele ya darasa amekwisha.

Nilianza Houston mwaka 2000, wiki chache kabla ya uchaguzi. Nilikuwa nimefundisha historia Nakuru kwa miaka mingi, kwa hiyo nilijiona najua. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye kiyoyozi kilichonguruma hadi ukalazimika kupaza sauti kama mhubiri. Walikuwapo Warundi, Wakongo wachache, na Mtanzania mmoja ambaye nilishuku alikuja kwa ajili ya kahawa ya bure. Siku yangu ya kwanza nikawaambia, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kuaibika, "Kura zinapigwa Jumanne. Jumatano asubuhi tutajua rais ni nani."

Jumatano ikafika, hatukujua. Wiki ikaisha, hatukujua. Kila nilipoingia darasani yule Mtanzania aliniuliza kwa upole kabisa, "Samahani Mwalimu, ile Jumatano yako ni ya mwezi gani?" Mambo yalikuja kuisha Desemba, mahakamani, na aliyeapishwa hakuwa yule aliyepata kura nyingi za wananchi. Wanafunzi walinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyehesabu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Aliyeniokoa ni Bi Lupe, mama wa Kimarekani mwenye asili ya Meksiko, aliyefundisha wasemaji wa Kihispania chumba cha pili. Alikuwa amefikia umri wa kustaafu tangu siku niliyomkuta, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alinisikia kupitia ukuta nikijikanyaga, akaja mapumzikoni na bati la kuokea keki ndogo, lile lenye vishimo kumi na viwili, pamoja na mfuko wa maharagwe na mfuko wa njugu. Bati hilo nimelitumia mpaka mwisho wa kazi yangu. Liko kwenye stoo, rafu ya chini, na ufunguo nimeshawaachia.

Linatumika hivi. Kila kishimo ni jimbo. Maharagwe ni kura za wananchi, mekundu kwa mgombea huyu, meupe kwa yule. Njugu ni kura za wajumbe, wale watu wanaoteuliwa na kila jimbo kwenda kumpigia rais kura yenyewe. Jimbo lenye watu wengi unaliwekea njugu nyingi, lenye watu wachache unaliwekea chache. Wanafunzi wanapita wakitumbukiza maharagwe. Halafu mnahesabu kishimo kimoja kimoja: rangi iliyozidi, hata kwa punje moja, inazoa njugu zote za kishimo hicho, na iliyozidiwa haipati hata ganda. Mwisho maharagwe hamyatazami tena. Mnahesabu njugu. Mwenye njugu nyingi ndiye rais, hata kama mwenzake ana maharagwe ya kupikia harusi.

Mambo mawili ya kuangalia. Njugu zisiwe za kukaanga, kwa maana mara nyingi nilipougeukia ubao mtu alikuwa ameshakula Ohio. Na msiyataje majimbo ya Maine na Nebraska, ambako njugu zinaweza kugawanywa. Mkiyataja hamtarudi nyumbani siku hiyo.

Bi Lupe alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kila tulipokunywa kahawa. "Bati ni la kuwatuliza tu," alisema. "Wewe fundisha jibu. Sababu wataitafuta wakishakuwa raia, watakuwa na miaka mingi ya kuitafuta." Niliona ni kanuni ya mvivu. Nilikuja kuielewa baadaye, kwa gharama ya mtu mwingine.

Lazima niseme kwamba mimi sikushangazwa na jambo lenyewe kama walivyoshangaa wanafunzi wangu. Nilikuwa mwalimu kijana Kenya mwaka wa mlolongo, 1988, tulipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na niliona kwa macho yangu mstari mfupi ukitangazwa mshindi na mrefu ukiambiwa uende nyumbani. Lakini kule kila mtu alijua ni wizi, hata aliyetangaza. Hapa naambiwa ni hesabu. Wizi ni rahisi zaidi kuuelezea.

Baada ya miaka kadhaa Houston nilihamia huku juu, upande wa Dallas, Texas hiyohiyo. Nilikaa Carrollton kwanza, halafu Mansfield, na kazi ikawa Fort Worth, katika shirika hili mnalolijua. Darasa langu likajaa Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Walifanya kazi kwenye maghala, wakaja darasani na zile vesti za kung'aa bado mwilini, wengine wakisinzia huku kalamu ikiendelea kuandika. Nimefundisha watu wengi, lakini hao ndio waliosoma kama wanalima.

Mmoja wao alikuwa Papa Wilondja. Alikuja na mkewe, Mama Furaha, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache na shati lililofungwa vifungo mpaka kooni. Kule kambini ndiye aliyekuwa akihesabu kura za mtaa wao. Watu walisimama kwa mistari nyuma ya mgombea wao, naye akapita akimgusa kila mmoja begani, na hakuna aliyewahi kumwambia arudie. Siku ya kwanza nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, kwa nini anautaka uraia.

"Njo juu ya mama yangu," alisema, yaani ni kwa ajili ya mama yake. "Iko peke yake kule kambi ya Kigoma. Macho inakwisha."

Bibi Eliza, mama yake mzazi, alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaoziba nuru kidogo kidogo na kisha haurudishi. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Mkaazi mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mzazi wake aje, raia anaweza, na huyo Papa alitaka mama yake afike akiwa bado anaweza kuziona sura za wajukuu. Hakusema zaidi ya hapo. Nikamwandika, nikajiambia huyu lazima apite.

Mama Furaha aliomba mapema, akaitwa mapema, akafanya mtihani akapita bila jasho, kwa sababu alijibu alichoulizwa akanyamaza. Yeye angetosha kuwa kielelezo cha kazi yetu. Lakini hakuweza kumwombea mama mkwe. Ilibidi mwana mwenyewe awe raia.

Ndipo ukaja uchaguzi wa 2016, na kwa mara ya pili katika kazi yangu mwenye kura nyingi za wananchi akashindwa. Darasa la wiki ile lilikuwa kama baraza la kesi ya shamba. Papa Wilondja, ambaye kwa kawaida hakusema, alisimama.

"Mwalimu, huyu mwenye batu bengi nyuma yake, ndiye ameshindwa?"

"Ndiyo, Papa."

"Na hakuna mwenye aliiba?"

"Hakuna aliyeiba. Sheria yao ndiyo hiyo."

Alifikiri. "Alors, basi," akasema, "kule kambini tulikuwa mbele."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Ningefuata kanuni ya Bi Lupe ningeishia pale. Lakini alikuwa amenitazama kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja, nami sikuweza kumwacha hivyo. Nikalitoa bati. Nikaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho: kwamba Novemba wananchi wanaweka maharagwe, kwamba maharagwe yanaamua tu ni wajumbe wa nani watakaokwenda, na kwamba Desemba wajumbe wa kila jimbo wanakutana kwenye makao makuu ya jimbo lao na kumpigia rais kura. Wetu wa Texas wanakutanika Austin, watu thelathini na wanane wakati ule. Papa Wilondja aligusa njugu za kishimo cha Texas moja moja kwa kidole, kama alivyowagusa watu mabegani.

"Donc kura ya rais ni Desemba," alisema.

"Kwa hakika ya sheria, ndiyo. Lakini mtihani ukikuuliza, jibu ni Novemba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitabu kimesema Novemba!"

Nilipaza sauti, nakiri, na nikadhani nimemaliza. Lakini Desemba hiyohiyo, wajumbe wa Texas walipokutana Austin, wawili wao waliandika majina ya watu wengine kabisa. Jambo la nadra, halikubadilisha chochote, na watu wengi hata hawakulisikia. Papa Wilondja alilisikia, redioni, akiwa ghalani. Alinipigia simu wakati wa mapumziko yake. "Umeona, Mwalimu?" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha. "Kama kura ingekuwa imekwisha Novemba, hawa wawili wangebadilisha nini? Kura iko Desemba."

Nilimwambia, "Papa, nisikilize vizuri. Novemba." Akasema amesikia. Kusikia kweli alisikia.

Baada ya muda si mrefu aliitwa kwenye usaili. Mama Furaha alikuwa zamu, kwa hiyo nikampeleka mimi, na kama mjuavyo huku bila gari huendi popote. Nilimngoja kwenye maegesho na chupa ya chai, nikiwa na uhakika. Kiingereza chake kilitosha, na maswali alikuwa ameyashika kama sala. Alitoka akitembea wima, shati limefungwa mpaka kooni.

"Umepita?"

"Hapana," alisema, akavuta mkanda wa kiti, akaufunga. "Mais niliongea muzuri."

Nilimtoa habari kipande kipande, kama kumtoa mtoto mwiba. Maswali ni kumi, sita yanatosha. Hofu ilikuwa imempotezea manne mwanzoni, matano akapata, na likabaki moja la kumvusha au kumwangusha. Akaulizwa tunampigia rais kura mwezi gani.

"Ukasema Novemba," nikasema.

Alitazama mbele.

"Papa Wilondja. Ukasema Novemba?"

"Nilisema Desemba."

Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye huruma, kwa maelezo ya Papa mwenyewe. Alilirudia swali polepole, akamwambia afikirie tena, akangoja. Na Papa, kwa kuona kwamba ofisa hajui, akamhurumia na kumweleza. "Nilimwambia, *November is beans, Madam. President is peanuts. Peanuts is December.*"

Nilikuwa nimefundisha kwa miaka kumi na sita, nimeona watu wakishindwa kwa woga, kwa Kiingereza, kwa kusahau miwani. Sikuwahi kumwona mtu aliyeshindwa kwa kujua. Niliendesha gari nikaipita hata njia yetu ya kutokea, tukajikuta tunaelekea Dallas bila shughuli ya Dallas.

"Kwa nini?" nikauliza mwisho. "Neno moja tu. Hata mtoto angelisema."

"Mwalimu, walininyanyulisha mkono wa kuume." Akaunyanyua palepale garini kunionyesha. "Kabla ya kuniuliza kitu. Waliniambia nilape nitasema ukweli. Nililapa mbele ya Mungu. Sasa nitasema Novemba namna gani, na mimi najua ni Desemba? Wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Nilikufundisha pia useme Novemba!"

"Ndiyo. Lakini ile haukunilapisha."

"Na mama yako?" nikamwambia, na nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeumia. "Lile jicho moja linakungoja wewe na Desemba yako?"

Tuligeuza gari. Halafu akasema, bila hasira, "Mama yangu njo alinifundisha nisiseme uongo. Mbele yako, Mwalimu."

Walimpa tarehe nyingine, kama wanavyompa kila anayeshindwa mara ya kwanza, ndani ya miezi mitatu hivi. Akishindwa tena, anaanza upya: maombi mapya, alama za vidole, kungoja mwaka na zaidi. Nilimfanyisha mazoezi wiki zote hizo. Kila swali alijibu sawasawa. Nikifika kwenye lile la mwezi, alinyamaza. Hakubishana. Alinyamaza tu kama ukuta, na wanafunzi wengine wakaanza kuinamisha macho. Nilimletea mchungaji wao, ambaye kwa bahati mbaya alimwunga mkono.

Aliyemaliza mambo ni Mama Furaha. Alikuwa amekuja kumchukua, amechoka kutoka kazini, akakuta tunatazamana juu ya lile bati. Aliweka mkoba wake chini kwa kishindo.

"Wilondja, ulinichagua lini?"

"Ginsi gani?"

"Nauliza. Ulinichagua mimi kuwa bibi yako siku gani? Siku ulimwambia baba yako, ao siku wajomba walifika kwetu na mbuzi?"

Alimtazama kama mtu anayeogopa mtego. "Siku nilimwambia baba."

"Na wajomba?"

"Wale walipeleka neno."

"Bila wajomba, baba yangu angekupa mimi?"

"Apana. Lazima wafike."

"Sawa. Na wajomba walifika miezi mbili nyuma ya siku ile. Batu wakikuuliza ulinichagua lini, unawaambia siku ya wajomba?"

Nilishika ubavu wa meza. Miaka yote ile ya njugu, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye posa ya mtu. Nikadakia kabla halijapoa: "Papa, Novemba ni siku uliyomwambia baba. Desemba ni siku ya wajomba. Ukisema Novemba hujadanganya. Umesema siku uliyochagua."

Lakini Papa Wilondja si mtu wa kudakiwa. "Na wale wawili wa Austin?" aliuliza. "Wale waliofika wakasema jina lingine?"

"Mjomba wako Alimasi," Mama Furaha akasema, "alifika kwetu, akakunywa pombe, akasema wewe unamtaka dada yangu mukubwa. Mbele ya baba yangu. Nani iko hapa leo, mimi ao dada?"

Papa Wilondja alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na ilimtoka kama kikohozi. Kisha akasema atafikiri, na mimi nikaenda nyumbani Mansfield nikiwa na kichwa kinachogonga, kwa sababu jibu la "nitafikiri" kutoka kwa mtu yule lilikuwa halina dhamana yoyote.

Siku ya usaili wa pili nilingoja palepale kwenye maegesho, safari hii bila chai, maana nisingeweza kuimeza. Alitoka. Alikuwa amekunja uso.

"Umepita?"

"Nimepita."

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akageuka. Yeye akafunga mkanda wake akiwa bado amenuna. "Hakuniuliza mwezi," alisema. "Aliuliza zingine zote. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwuliza, *Madam, you don't ask me the month?* Akasema, *No sir, you are done.*" Alitikisa kichwa. "Sasa hajui kama ningesema."

Mpaka leo hakuna anayejua kama angesema. Nimemuuliza mara nyingi, hajibu.

Aliapishwa kuwa raia, akamwombea mama yake siku za mwanzo kabisa alizoruhusiwa, na karatasi zikaenda mwendo wa karatasi. Dunia ilipokuja kufungwa kwa korona, Bibi Eliza alikuwa tayari ameshafika Fort Worth. Nilikuwepo uwanja wa ndege. Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, bibi mdogo wa mwili aliyevaa kofia ya sufu katika joto la Texas, na wajukuu wakamzunguka wakisema "*Hi, Bibi*" kwa aibu. Jicho lake lililobaki lilikuwa na nuru ya kuonea vivuli tu. Aliwashika nyuso mmoja mmoja kwa viganja viwili, akiuliza, "Huyu nani? Na huyu nani?" Papa Wilondja alisimama pembeni akizishika karatasi. Kama bila ile miezi ya kushindwa mama yake angebakiwa na jicho kidogo zaidi, sijui. Sikumuuliza daktari, na nilimwomba Mungu Papa naye asiulize.

Uchaguzi wa rais uliofuata Papa Wilondja alipiga kura yake ya kwanza ya rais. Alipanga foleni mapema, na vifungo vyote. Wakenya wenzangu wa Carrollton walikuwa wakilalamika kanisani kwamba ya nini ku-vote Texas, matokeo yanajulikana kabla hujaamka, kura ya mtu wa Texas ni maharagwe ya kutupa. Binti yangu aliye nesi Houston aliniambia hivyohivyo kwa simu: "*Mum, it literally doesn't count.*" Nilimjibu, "Mwanangu, kuna mtu hapa alikataa uraia kwa ajili ya kura hiyo usiyotaka kuipiga." Akaniuliza nani, na nilipomweleza akadhani ninatunga. Sijui alikwenda au hakwenda. Desemba ilipofika, Papa alinipigia simu kutoka ghalani. "Mwalimu, leo njo leo," alisema. "Wajomba wako Austin." Amenipigia simu hiyo kila Desemba ya wajomba tangu wakati huo.

Sasa nifike mwisho, ambao wengine wenu mlikuwepo. Darasa langu la mwisho, mwaka huu wa 2025, Papa Wilondja alimleta mama yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Bibi Eliza alikuwa amezoea kuja. Hakuwa akisomea mtihani. Alikaa mbele kabisa, na kwa kuwa haoni, nilimwekea bati mapajani ili atulie. Alipitisha vidole kwenye vishimo, akitenga maharagwe na njugu, haraka kuliko wenye macho.

Nilitaka kuwaaga kwa swali jepesi. Nikauliza darasa, kwa Kiswahili, tunampigia rais kura mwezi gani. Nilitarajia sauti thelathini ziseme Novemba, tucheke, tukate keki.

"Desemba," akasema Bibi Eliza kabla ya wote.

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilihisi kiyoyozi cha Houston kinanguruma tena kichwani. Miaka ishirini na mitano! Nikainama karibu naye nikasema, kwa subira niliyokuwa nimebakiza, "Apana, Bibi. Kwenye mtihani jibu ni Novemba."

"Wilondja alisema nini?"

"Alisema Desemba, Bibi. Wakamnyima karatasi."

"Wakamnyima," alisema, vidole vyake vikiwa bado kwenye njugu, "na mimi nikangoja. Nilikuwa nangali bado na jicho moja kule kambini, nikamngojea nalo. Nilijua anakawia juu ya nini, aliniambia kwa simu, nikamwambia umefanya vizuri." Akauinua uso wake kuelekea sauti yangu. "Nikisema leo kwamba kura ni Novemba, Mwalimu, basi nilimngojea muongo."

Machozi yalinitoka, na sikujaribu kuyaficha. Nilikuwa na majibu yote: la Bi Lupe, la kitabu, hata la wajomba na mbuzi. Hakuna hata moja lililostahili kusemwa mbele ya bibi yule.

"Haya, Bibi," nikasema. "Desemba."

Nyuma kabisa ya darasa, Papa Wilondja akanyanyua mkono wake wa kuume. Nadhani alitaka kurekebisha kitu. Sikumpa nafasi. Nilikata keki.